Enuff Z'Nuff: pawa popu iliyovalishwa nguo za glamu metali

Leo tuweke siasa na mpira pembeni kidogo. Nataka tuongelee bendi ambayo wengi wenu mkiiona picha yake mtacheka kabla hamjasikia hata wimbo mmoja. Inaitwa Enuff Z'Nuff na inatoka Blue Island, mji mdogo ulio kusini mwa Chicago, jimbo la Illinois, Marekani.

Tafuta picha zao za 1989. Utaona nywele zimetimuliwa hadi juu, wanja machoni, miwani ya rangi, nguo za kung'aa na alama ya amani kila kona. Muulize mtu yeyote anayejijua kwenye roki, atakujibu haraka: "Aah, hao ni wale wa bendi za nywele." Mjadala umeisha.

Mimi nasema mjadala ndiyo kwanza unaanza. Nimezisikiliza albamu zao mbili za mwanzo mara nyingi, nikiwa nimevaa hedifoni na sitazami video. Ukifanya hivyo unasikia watoto wa The Beatles na Cheap Trick ambao walitokea studio wakiwa wamevaa nguo za msimu. Nguo zile ndizo zilizowaingiza MTV, na nguo hizo hizo ndizo zilizowazika. Twende taratibu.

GLAMU METALI NI NINI?

Kwa wale wasiojua, glamu metali ni roki ya magitaa mazito iliyotamba Marekani miaka ya 80, hasa kutokea Los Angeles. Majina yake makubwa ni Mötley Crüe, Ratt na Poison (hawa wa mwisho walitokea Pennsylvania wakahamia Los Angeles kutafuta maisha). Kituo cha MTV kilianza kurusha matangazo Agosti 1981, na kuanzia hapo sura ya mwanamuziki ikawa mtaji kama ilivyo sauti yake. Wanaume wakapaka rangi ya midomo, wakavaa suruali za kubana, wakapuliza dawa ya nywele mpaka basi.

Muziki wenyewe una mambo matatu: gitaa zito, kiitikio kinachoweza kuimbwa na uwanja mzima, na katikati ya wimbo mpiga gitaa anapewa nafasi ya kuonyesha kasi ya vidole vyake. Maneno mengi ni starehe, wasichana na usiku mrefu.

NA PAWA POPU JE?

Hii ni familia nyingine kabisa. Jina hilo lilitumiwa na Pete Townshend wa The Who mwaka 1967 alipokuwa anaelezea aina ya muziki ambao bendi yake ilikuwa inapiga. Babu wa ukoo ni The Beatles. Miaka ya 70 wakaja Badfinger kutoka Wales, Raspberries kutoka Cleveland na Big Star kutoka Memphis.

Ukitaka kuitambua pawa popu, angalia haya:

- Wimbo ni mfupi, mara nyingi dakika tatu au nne, na hakuna sehemu ya kupoteza muda.
- Melodi ndiyo bosi. Gitaa lina nguvu, lakini kazi yake ni kuibeba melodi, halipigani nayo.
- Sauti zinapangwa mbili au tatu. Wale mnaoimba kwaya mnajua: sauti ya kwanza inashika wimbo, ya pili na ya tatu zinaupamba.
- Mara nyingi muziki unachangamka wakati maneno yana huzuni. Unacheza huku moyo unauma.

Sasa shika jambo hili, maana ndiyo msingi wa makala nzima. Jimbo la Illinois lilikuwa shamba la pawa popu. Cheap Trick walitoka Rockford, mji ulio kaskazini-magharibi mwa Chicago. Shoes walitoka Zion. Off Broadway walitoka Oak Park. Cheap Trick ndio waliofika mbali zaidi: walirekodi shoo zao Tokyo mwaka 1978, ikatoka albamu ya At Budokan iliyouzwa Japani kwanza, na 1979 ikatolewa Marekani na kuwafanya mastaa nyumbani kwao.

Kwa hiyo vijana wawili wa Blue Island walipoanzisha bendi mwaka 1984, mmoja anaimba na kupiga gitaa (Donnie Vie), mwingine anapiga gitaa la besi (Chip Z'Nuff), mfano wa kuiga ulikuwa jirani. Hawakuhitaji kupanda ndege kwenda Los Angeles kujifunza kutunga wimbo.

USHAHIDI UKO WAPI?

Najua kuna mtu atasema naleta ushabiki. Haya, tuhesabu.

1. Rekodi za zamani. Mwaka 1994 ilitoka albamu inayoitwa 1985, yenye nyimbo walizorekodi miaka ya mwanzo, kabla hawajapata mkataba mkubwa. Zile melodi za Kibeatles ziko pale tayari. Maana yake mtindo wa kutunga ulikuja kwanza, MTV ikaja baadaye.

2. Albamu ya kwanza. Ilitoka 1989 chini ya lebo ya Atco, na jina lake ni jina la bendi. Ngoma mbili zilipenya: "New Thing" ilifika nafasi ya 67 kwenye Billboard Hot 100, na "Fly High Michelle" ikafika 47. Sikiliza viitikio vya hizo mbili. Zile sauti za nyuma zimepangwa kwa akili sana. Sauti ya Donnie Vie nayo ina mikwaruzo fulani ya puani ambayo watu wameilinganisha na John Lennon tangu siku ya kwanza. Kwenye "Fly High Michelle" kuna huzuni ya kweli, haijapakwa sukari.

3. Albamu ya pili, Strength, ya 1991. Hii kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Ina nyimbo 14, imetulia, na ina giza zaidi. Sikiliza "Mother's Eyes" halafu "Goodbye". Mtu akikuwekea bila kukutajia jina la bendi, huwezi kusema hawa ni ndugu wa Poison.

4. Walichokuja kukifanya wenyewe. Mwaka 2021 bendi ilitoa albamu inayoitwa Hardrock Nite, yenye nyimbo za The Beatles na za wana-Beatles walipokuwa peke yao. Baada ya zaidi ya miaka 30 kwenye fani, mtu anapoamua kurudia nyimbo za wazee wake, anakuonyesha kwao ni wapi.

TUSIWAONEE WALIOKOSEA

Hapa lazima tuwe wa haki. Waliowaita glamu metali hawakuota. Kulikuwa na sababu zinazosikika na zinazoonekana.

Ya kwanza ni mpiga gitaa wao, Derek Frigo. Huyu kijana alikuwa mtoto wa Johnny Frigo, mwanamuziki wa jazi wa Chicago aliyejulikana kwa fidla na besi. Derek alikuwa na vidole vya moto. Katikati ya wimbo mtamu wa popu anachomoza na solo ya kasi, staili ile ya Eddie Van Halen, na hapo mpenzi wa metali anasema "huyu wetu". Kwa masikio yangu mgongano huo ndio utamu wa bendi yenyewe: wimbo wa Kibeatles unapasuliwa katikati na umeme. Lakini kwa mtu anayepanga kaseti kwenye rafu za duka, solo kama ile ilitosha kuamua.

Ya pili ni biashara. Mwaka 1989 makampuni ya muziki Marekani yalikuwa yanatafuta bendi za nywele kama watu wanavyotafuta maji. Pawa popu ilikuwa haina soko la kueleweka. Ukiwa kijana wa Blue Island na kampuni inakwambia vaa hivi video ichezwe, utakataa? Nao walivaa. Hakuna aliyewafunga kamba. Kwa muda mfupi mbinu ilifanya kazi: video zilichezwa MTV na albamu ya kwanza ikafika nafasi ya 74 kwenye chati ya albamu ya Billboard.

Waswahili wana usemi: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tunautumia kwa kitu kilichopambwa nje na ndani hakuna kitu. Wakosoaji waliiona Enuff Z'Nuff kama mkakasi, wakaamini ndani ni mti mtupu, hawakufungua. Safari hii ndani kulikuwa na mali.

1991: MVUA IKANYESHEA WOTE

Strength ilitoka mapema 1991. Septemba 24 mwaka huo huo Nirvana wakatoa Nevermind. Mnajua kilichofuata. Granji ilifagia. Ndani ya muda mfupi redio, MTV na makampuni yakawapa kisogo wote waliowahi kupuliza dawa ya nywele. Samaki mmoja akioza huoza wote, na hakuna aliyekaa kuchambua yupi ameoza na yupi mzima. Strength iliishia nafasi ya 143. Kumbuka kwamba kufikia hapo bendi yenyewe ilishaanza kupunguza mapambo. Too late, kama wasemavyo wazungu. Picha ya 1989 ilikuwa imeshaganda vichwani mwa watu.

Mwaka 1993 wakajaribu tena na Animals with Human Intelligence, chini ya lebo ya Arista. Albamu nzuri, haikufika mbali. Mpiga dramu Vikki Foxx akaondoka kwenda kwenye bendi ya Vince Neil, yule mwimbaji wa Mötley Crüe. Na tusifiche: madawa ya kulevya nayo yaliwatafuna. Donnie Vie mwenyewe amelizungumza tatizo lake hadharani. Siwezi kusema jina la aina ya muziki peke yake ndilo lililowaangusha. Lakini bendi yenye matatizo ikiwa na mashabiki na redio nyuma yake hupewa nafasi ya pili na ya tatu. Hawa hawakupewa.

Sasa kituko ni hiki. Mwaka 1994 walitokea Weezer, vijana wa Los Angeles, na albamu yao ya kwanza ikatengenezwa na Ric Ocasek wa The Cars. Gitaa nzito, melodi tamu, sauti zimepangwa, maneno ya mtu mpweke. Ni pawa popu tupu! Iliuza mamilioni na wakosoaji wengi wakaisifu. Vijana wale walivaa mashati na miwani ya kawaida kama wanafunzi wa chuo. Sisemi Weezer waliiba chochote, nawapenda sana. Nasema viungo vya mchuzi vilifanana sana, sahani ndiyo ilikuwa tofauti.

KWA NINI NAKUSUMBUA NA HABARI YA ZAMANI?

Kwa sababu jina unalopewa linaamua nani atakusikiliza. Mtu wa pawa popu hakuigusa Enuff Z'Nuff kwa sababu aliiona ya watu wa metali. Mtu wa metali aliigusa, akaikuta laini sana kwa ladha yake, akairudisha kwenye rafu. Bendi ikabaki barabarani kati ya nyumba mbili, na kila nyumba inasema "huyu si wa kwetu". Miaka ikapita hivyo.

Na gharama yake si ya makaratasi. Derek Frigo alifariki 2004. Ricky Parent, mpiga dramu aliyekuja baada ya Foxx, alifariki 2007 kwa saratani. Watu hawa hawapo tena kusikia mtu akisema "kumbe mlikuwa wazuri hivi." Chip Z'Nuff ameendelea kuibeba bendi, na kwa miaka ya karibuni amekuwa akiimba mwenyewe. Donnie Vie aliondoka 2013 na amekuwa akitoa kazi zake mwenyewe, ikiwemo albamu ya Beautiful Things ya 2019. Hata hizo hazina nywele wala wanja, na melodi ni zile zile.

KAMA UNA NUSU SAA TU KAFE

Najua dakika zinahesabiwa na mwenye kafe anakuangalia. Basi fuata mpangilio huu, na TAFADHALI punguza dirisha la video usiione:

- "Fly High Michelle"
- "New Thing"
- "Mother's Eyes"
- "Goodbye"
- Malizia na wimbo wowote wa Cheap Trick kutoka At Budokan, ulinganishe.

Ukimaliza, fungua video ya "New Thing" uitazame sasa. Utaona kitu cha ajabu: masikio yatakuwa yanakwambia hivi na macho yanakwambia vile. Watu wa 1991 waliyaamini macho.

Mimi nimesema yangu. Wewe ukisikiliza unawaweka nyumba gani, metali au popu? Au kuna bendi nyingine unayoona ilizikwa na nguo zake? Shusha maoni hapo chini. Kubishana ruksa, matusi hapana.