Etiketi ya sakoshi: kazi ya dakika kumi inayoweza kukurudishia mzigo wako

Boti imefika bandarini Goma ikitokea Bukavu. Kabla hata kamba haijafungwa, wabeba mizigo wamekwisha kuruka ndani. Kila mtu anasukuma, kila mtu anaita. Kati ya mizigo kuko sakoshi nyingi za plastiki zenye miraba ya bluu, nyekundu na nyeupe, zote sawa kama mapacha. Hapo maneno yanaanza: «Papa, ile sakoshi ni yangu!» – «Hapana mama, iko yangu, niliiweka pale mimi mwenyewe.»

Wakaaji wengi wa Kivu, Ituri, Maniema na Tanganyika wanaijua hali hii. Inatokea kwenye boti za ziwa Kivu, kwenye bandari ya Kalundu kule Uvira, na kwenye magari ya Beni, Butembo na Bunia ambako mizigo inafungwa juu ya gari na kufunikwa na bashi. Mara nyingi hakuna mwizi. Mtu amechukua sakoshi inayofanana na yake, na anagundua kosa akiwa amefika nyumbani. Anataka kurudisha. Lakini arudishe kwa nani? Hakuna jina, hakuna numero. Ndani kuko diploma ya mtoto, dawa za mzee, ao bidhaa ambazo mama alichukua kwa deni ili aende kuuza. Mwenye mali anahesabu hasara, na yule aliyeichukua anabaki na kitu ambacho si chake.

Etiketi ndogo inajibu swali hilo moja: nimpigie nani? Na haina haja ya kuinunua dukani.

Vifaa viko nyumbani

Kwa etiketi ngumu, tafuta bidoni ya mafuta iliyopasuka. Plastiki yake ya manjano inaonekana mbali na haiogopi mvua. Kama hakuna bidoni, kipande cha kartoni ngumu kinaweza kufaa, lakini lazima ukifunike chote kwa skochi, mbele na nyuma. Wenye kufanya fotokopi mjini wanaweza pia kuifunika karatasi yako kwa plastiki ya moto, kama wanavyofanya kwa kadi.

Utahitaji pia mkasi ao kisu, msumari, kamba ya nailoni, na kalamu nene ya wino usiotoka kwa maji. Biki ya kawaida haifai: kwenye plastiki inafutika kwa kidole, na kwenye karatasi iliyolowa maandishi yanakuwa doa la bluu.

Namna ya kutengeneza

1. Osha plastiki kwa sabuni na uikaushe. Wino haushiki mahali penye mafuta.

2. Kata kipande chenye ukubwa wa karibu sentimita 9 kwa 5. Zungusha pembe zake ili zisichome mikono wala kupasua sakoshi nyingine.

3. Pasha msumari moto, ukiushika kwa koleo, kisha toboa tundu moja. Liwe mbali kidogo na ukingo, kama sentimita 1, la sivyo litapasuka siku ya kwanza. Kwa kartoni, weka skochi mara mbili pande zote kabla ya kutoboa.

4. Andika kwa herufi kubwa, kisha ngojea wino ukauke. Funika maandishi kwa skochi ya kuonyesha, maana kusuguana kwa mizigo kunafuta hata wino mzuri.

5. Pitisha kamba, choma ncha zake kwa kiberiti zisifumuke, na ufunge etiketi kwenye mkono wa sakoshi. Usiifunge kwenye zipu: mtu akivuta kidogo tu, zipu inaharibika. Kamba iwe fupi. Ikining'inia sana itanasa kwenye mzigo mwingine na kukatika.

Andika nini, acha nini?

Jina moja linatosha. Halafu numero mbili za simu: yako, na ya ndugu anayekungojea kule unakokwenda. Ikiwezekana ziwe za mitandao miwili tofauti, sababu tunajua kwamba kuko siku ambapo mtandao mmoja unaanguka na mwingine unabaki. Tena, mtu akipoteza sakoshi, mara nyingine simu yenyewe imepotea pamoja nayo. Ndiyo maana numero yako peke yake haitoshi.

Ukivuka mpaka kwenda Rwanda, Burundi ao Uganda, andika numero nzima: toa sifuri ya mwanzo na uweke +243. Mtu wa Gisenyi ao Bujumbura akipiga na sifuri yetu, hatakupata.

Kama una mizigo mitatu, andika 1/3, 2/3 na 3/3. Namna hii wewe na mbeba mizigo mnajua kama vyote vimeshuka.

Sasa, yale ya kuacha. Usiandike adresi ya nyumba: mtu akijua umesafiri na akajua unakaa wapi, umemfungulia mlango. Usiandike kazi yako, wala shirika unalofanyia kazi, wala kilicho ndani. Usiandike numero ya kadi yako. Na kwa njia zetu zenye bariera nyingi, jina kamili la ukoo ao kijiji cha asili si lazima vining'inie nje vikisomwa na kila mtu anayepita. Etiketi ni kwa kurudisha sakoshi, si kwa kueleza wewe ni nani.

Weka nyingine ndani

Etiketi ya nje inaweza kukatika, ao mwenye nia mbaya anaweza kuikata. Kwa hiyo andika karatasi ya pili yenye jina na numero zilezile, uiweke ndani ya mfuko wa plastiki juu ya nguo. Hapa kalamu ya risasi, ile ya wanafunzi, ni nzuri kuliko biki: hata ikiingia maji, maandishi hayayeyuki.

Mbele ya kuondoka, piga picha mbili kwa simu: sakoshi ikiwa imefungwa na etiketi yake, halafu vitu vilivyo ndani. Mtumie ndugu picha hizo. Siku watu wawili wanagombana juu ya sakoshi moja, anayeweza kusema kilicho ndani kabla haijafunguliwa ndiye mwenye nguvu.

Na kwa mama asiyejua kusoma?

Kipande cha kitenge kinafanya kazi nzuri. Omba masalio kwa fundi mshonaji, chagua rangi ambayo hutaisahau, na ukishone kwenye mkono wa sakoshi. Utepe mwekundu usitumie, kila mtu anafunga ule. Mwombe mtoto akuandikie numero upande wa nyuma ya kitambaa. Wewe utaitambua kwa rangi, na atakayeiokota atasoma numero.

Kwa wanaopanda ndege

Toa karatasi zote za safari za zamani. Kampuni ya ndege inafunga karatasi yake yenye herufi tatu za mji unakokwenda: FIH ni Kinshasa, FKI ni Kisangani, GOM ni Goma, BUX ni Bunia. Karatasi ya zamani ikibaki, sakoshi inaweza kufuata njia ya zamani. Soma herufi hizo mbele ya sakoshi kuondoka, na uchunge kile kipande kidogo wanachokupa. Bila hicho, kulalamika ni vigumu.

Jina lako ni mzigo pia

Jambo la mwisho ni zito. Jina likiwa juu ya sakoshi, wewe ndiye unayejibu kwa kila kitu kitakachopatikana ndani. Mtu akikuomba njiani: «Dada, nisaidie, weka hii pamoja na zako», kataa kwa upole kama hujaona kilichomo. Usimpe mtu etiketi yako afunge kwenye mzigo wake. Funga zipu kwa kufuli ndogo, ao shona mdomo wa sakoshi kwa uzi wa rangi unaoijua. Uzi ukibadilika, sema palepale, mbele ya mashahidi, usingoje kufika kwenye bariera.

Na pesa, diploma ya asili na dawa za kila siku zikae mwilini ao kwenye mfuko mdogo usiouachilia. Etiketi inasaidia mtu mwema akupate, lakini haiwezi kumzuia mwizi.

Leo jioni, kama una safari kesho, kata kipande cha bidoni. Ni kazi ya dakika kumi. Na siku sakoshi ya mwingine imefika kwako kwa makosa, tazama kama kuko numero, na upige.