Upepo wa Turkana Umezima Nini?

Kwenye risiti ya tokeni za stima, mbali na bei ya umeme wenyewe, kuna gharama ya mafuta inayopanda na kushuka mwezi hadi mwezi. Anayetaka kujua kama upepo umechukua nafasi ya mitambo ya mafuta aanzie hapo.

Vinu 365 vya upepo vya Loiyangalani, Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, vina uwezo wa megawati 310. Kenya Power iliingia mkataba wa kuununua umeme huo kwa senti 7.52 za yuro kwa yuniti. Yuro ikiwa shilingi 150, hiyo ni shilingi 11 na ushei. Sasa tazama injini za mafuta za Kipevu au Rabai. Kilo moja ya mafuta mazito hutoa yuniti nne na nusu hivi. Kilo ikiuzwa shilingi 90, yuniti moja imeshakula shilingi 20 za mafuta pekee, kabla ya malipo ya mtambo wenyewe, ambayo mwenye mtambo hulipwa hata injini zikiwa zimelala.

Kwa hiyo upepo ni nafuu kweli, na kila yuniti yake inayoizuia injini kuunguruma ni fedha zinazobaki kwa mteja. Ila mafuta yanaokolewa, mtambo haufungwi. Upepo wa Turkana huvuma sana usiku hadi asubuhi, kisha hulegea mchana. Nasi tunatumia stima kwa wingi kuanzia saa moja jioni, na siku nyingine saa hiyo inafika vinu bado havijachangamka. Injini huitwa. Usiku wa manane mambo hugeuka: umeme unazidi, vinu vinapunguzwa kasi au mvuke wa jotoardhi wa Olkaria unaachwa upotee hewani, na huo mvuke hauna msimu wala saa. Jotoardhi hutoa sehemu kubwa zaidi ya umeme wa Kenya kuliko chanzo kingine chochote, na kama kuna kitu kinachoweza kuifanya injini ya mafuta iondolewe kabisa, kwangu ni hicho.

Upepo una gharama nyingine zisizoonekana kwenye bei ya yuniti. Vinu vilikamilika 2017, lakini laini ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa ilichelewa hadi Septemba 2018, na fidia ya umeme uliokosa njia ikalipwa. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani. Kenya Power ilisema chanzo ni kupotea kwa umeme wa Loiyangalani. Kampuni ya upepo ikajibu kwamba hitilafu ya gridi ndiyo iliyoisukuma nje. Vyovyote iwavyo, gridi yenye upepo mwingi inahitaji akiba inayoamka kwa sekunde chache: maji ya mabwawa ya Mto Tana, au betri.

Mteja hawezi kuchagua stima yake itoke wapi. Saa anaweza kuzichagua, akipewa bei ya kumvutia. Viwanda vinavyoongeza matumizi usiku vimekuwa vikipata nusu bei tangu Desemba 2017. Wenye magari na pikipiki za umeme walipangiwa mwaka 2023 shilingi 16 kwa yuniti, na 8 usiku. Mwenye nyumba anayechemsha maji saa tano usiku, upepo ukivuma kwa nguvu zote, hulipa sawa na anayechemsha saa moja jioni injini zikiunguruma. Bei ya usiku kwa majumbani ije kabla ya mkataba wowote mpya wa dizeli.