Je, Wajua? Bunduki Kuukuu Zilizotafuta Soko Kwetu

Je, wajua kwamba mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka? Nyingi zilikuwa zimekwisha kutumika. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yameacha magobori ya kushindilia kwa mbele na kuchukua bunduki za kupakiwa kwa nyuma. Wafaransa walibadilisha mwaka 1866, wakabadilisha tena 1874, na tena 1886. Kila badiliko liliacha maghala yamejaa silaha ambazo hakuna askari wa Ulaya aliyezitaka. Zikauzwa, zikavuka bahari, zikashushwa Zanzibar, kisha zikapanda na misafara hadi Tabora, Ujiji na Kasongo, na kutoka huko zikaingia misitu ya Ituri na bonde la Semliki, upande wa Beni ya leo. Mfanyabiashara wa Butembo anayefungua robota la mitumba angeielewa biashara hiyo bila kuelezwa.

Na mnunuzi alijuaje kizuri na kibovu? Alitazama muhuri. Neno «Tower» pamoja na taji, likiwa limechongwa kwenye mtambo wa gobori, lilikuwa alama ya silaha za serikali ya Uingereza, na sifa yake ilienea sehemu nyingi za Afrika. Basi mafundi wa Liège, Ubelgiji, ambako bunduki za biashara zilitengenezwa na za zamani kukarabatiwa kwa wingi, wakaanza kuchonga «Tower» kwenye mitambo ambayo haikuwahi kuiona London. Alama iliyokuwa na maana zaidi ilikaa kwenye mtutu wenyewe: herufi ELG ndani ya duara lenye umbo la yai. Hiyo ilitolewa na ofisi ya majaribio ya Liège baada ya mtutu kufyatuliwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida, nao usipasuke. Kwa hiyo gobori moja liliweza kudai Uingereza kwenye mtambo na kukiri Ubelgiji kwenye mtutu. Aliyelinunua bila kuligeuza alilipia jina.

Sheria nayo ilichekesha. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia kuingiza silaha katika ukanda wote wa Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, isipokuwa kwa vibali vya serikali. Butembo, ambayo ikweta inapita kusini yake kidogo tu, ipo katikati ya ukanda huo. Lakini mkataba uliacha mlango: bunduki ya jiwe isiyo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, iliweza kuruhusiwa. Nzuri ikabaki mikononi mwa watawala, duni ikaenda sokoni. Sidhani kama ilikuwa bahati mbaya.

Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, ambaye jina lake halisi ni Hamed bin Muhammad al-Murjebi, alisimulia mwenyewe kuwa lakabu hiyo ilitokana na mlio wa bunduki za watu wake. Mwaka 1887 yeye na mpelelezi Stanley walipanda meli moja, iliyoitwa Madura, kutoka Zanzibar hadi mdomo wa mto Kongo. Stanley alibeba bunduki za Remington zilizotolewa na serikali ya Misri. Tippu Tip aliahidi kutoa wapagazi, na ugomvi uliozuka baadaye ulihusu baruti na fataki: nani azitoe, na ngapi. Watu wa msafara walijua kuwa bunduki isiyo na baruti ni rungu. Mwaka 1889 Stanley alirudi pwani akipitia bonde la Semliki, chini ya Ruwenzori.

Albini ndiyo bunduki ambayo babu zetu waliijua zaidi, mara nyingi kutoka upande wa mbele wa mtutu. Ubelgiji iliipokea mwaka 1867: risasi moja moja, kipenyo cha milimita 11, baruti nyeusi. Mwaka 1889 Ubelgiji ikachagua Mauser, na kiwanda cha FN kikaanzishwa Herstal, karibu na Liège, kutengeneza 150,000 za aina hiyo. Albini haikufa, ilikuwa bunduki ya Force Publique, jeshi la kikoloni huku Kongo, na vita vya 1914 vilipoanza askari wengi walikuwa bado nayo. Kasoro yake ilionekana kwa macho: kila mlio ulitoa wingu jeupe lililomwonyesha adui mahali pa kulenga.

Ng'ambo ya ziwa Tanganyika hali ilifanana. Askari wengi wa Wajerumani nao walipigana kwa Mauser za mwaka 1871, za moshi vilevile, hadi meli Rubens, iliyojifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilipofika ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga, Aprili 1915. Manowari ya Kiingereza iliipiga, lakini bunduki 1,800 ziliopolewa. Risasi zilikuwa zimelowa maji ya bahari. Zikafunguliwa, baruti ikaanikwa, zikafungwa upya, na hata hivyo nyingine ziligoma kulia.

Siku hizi wanaosoma mihuri ni wachunguzi. Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa uliweka vikwazo vya silaha dhidi ya makundi ya Kivu na Ituri, na mwaka 2004 likaundwa kundi la wataalamu wa kuvifuatilia. Pembetatu yenye namba 66 ndani huonyesha kiwanda cha China. Nyota hutambulisha kazi ya Tula, Urusi. Namba ya mfululizo ikiwa haijafutwa husaidia kumtafuta mnunuzi wa kwanza. Itifaki ya Nairobi ya 2004 kuhusu silaha ndogo, ambayo Kongo ni mwanachama wake, inataka kila silaha itiwe alama inapotengenezwa na inapoingizwa nchini. Ndiyo maana wasafirishaji wa magendo huanza kwa tupa, kwenye ile namba.