Dishi la chaneli za bure: anza na chaneli, bei baadaye

Kila baada ya mavuno, swali linalorudi kwenye meseji zenu kutoka Haydom, Dongobesh, Basotu na Katesh ni hili: ninunue dishi gani nipate chaneli za bure, nisilipie kila mwezi?

Ndugu msikilizaji, dishi halijui bure wala kulipia. Kazi yake ni kukusanya mawimbi kutoka angani na kuyaelekeza kwenye kile kichwa cha mbele ambacho mafundi wanakiita LNB. Anayeamua ni mwenye chaneli: ama ameirusha wazi, ama ameifunga. Ikifungwa, hata dishi la futi kumi haliifungui. Utahitaji king'amuzi cha kampuni husika, na mara nyingi kifurushi kilicholipiwa.

Wengi mnakumbuka Agosti 2018. Chaneli za nyumbani kama ITV, Star TV na Channel Ten ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya Azam, DStv na Zuku, kwa sababu mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilisema leseni za kampuni hizo hazikuruhusu kubeba chaneli zinazotakiwa kutazamwa bure. Madishi yalibaki juu ya paa yakiwa mazima, na picha hazikuwepo. Kwa hiyo ukienda dukani, usiulize "dishi zuri ni lipi." Taja chaneli tatu au nne ambazo familia yako inazitaka, kisha uliza ziko kwenye setilaiti gani na kama ziko wazi leo.

Kabla ya hapo, hakikisha kweli unahitaji dishi. Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, antena ya kawaida nayo inatumia king'amuzi. Kama jirani yako anapata picha safi kwa antena, fuata njia hiyo, ni rahisi zaidi. Shida ni kwamba mawimbi ya antena yanasafiri karibu na ardhi, na kwetu ardhi haijanyooka. Mlima Hanang una zaidi ya mita 3,400, na kuta za Bonde la Ufa zinakata njia. Aliye bondeni Yaeda Chini anaweza kuinua mlingoti mpaka achoke. Setilaiti iko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, inatuangalia kutoka juu, mlima haiujali.

Angalia pia boksi lenyewe. Vya antena huandikwa T2, vya dishi S2. Kimoja hakifanyi kazi ya kingine, hata kama kampuni ni moja na rangi ni ileile.

Sasa ukubwa. Kuna bendi mbili. Bendi ya C inataka dishi kubwa, futi sita na kuendelea, na inavumilia mvua. Bendi ya Ku inatosheka na dishi dogo la sentimita 60 hadi 90, lakini mvua kubwa ikishuka picha inaganda. Hapa nina maoni yangu: kwa Mbulu juu, penye mawingu mazito msimu wa masika, usinunue la 60 kama pesa ya 90 inapatikana. La 90 lina eneo la kukusanyia mawimbi mara mbili na zaidi ya lile la 60, na hiyo ndiyo akiba yako wakati wa mvua. Haizuii kuganda kabisa, inakupunguzia. Kwenye tambarare za ngano za Basotu adui ni upepo. Ukichukua dishi kubwa huko, chukua la wavu, na nguzo isimamishwe kwa zege ardhini. Dishi likisogea kidogo tu, picha imekwenda.

Kuhusu uelekeo, setilaiti ya Azam iko digrii 7 mashariki, na sisi tuko karibu digrii 35 na nusu. Kwa hiyo kutoka kwetu inaonekana magharibi, juu kiasi cha digrii 56. Mkaratusi ulio mita 10 upande huo hauzibi mpaka uzidi dishi kwa karibu mita 15, lakini mikaratusi inakua, nanyi mnajua kasi yake. Ile ya DStv, digrii 36, iko karibu utosini. Usishangae dishi dogo likionekana kama linatazama chini kuliko hapo. Yameumbwa hivyo, kichwa kimewekwa pembeni.

Wanaotumia sola wasikilize hapa. King'amuzi hupeleka umeme kwenye LNB kupitia waya uleule wa picha, volti 13 kwa kundi moja la chaneli na 18 kwa kundi jingine. Waya ukiwa mrefu mno, wa bei ya kutupa, au una viungo vilivyoingia maji, ile 18 haifiki vizuri. Ndipo unapata nusu ya chaneli na nusu hakuna, na fundi anakuuzia dishi jipya bure. Mwambie abadilishe waya kwanza.

Siku ya kufunga, usimlipe fundi kwa kuona picha tu. Baadhi ya ving'amuzi vipya huja na mwezi wa kwanza umefunguliwa, kila kitu kinaonekana, halafu mwezi wa pili kioo kinabaki na maandishi ya kudai malipo. Mwulize mbele ya shahidi: kifurushi kikiisha, zipi zinabaki? Aziandike kwenye risiti. Kama anasema ni za bure kabisa, akuoneshe kwenye boksi lisilo na kadi wala akaunti ya kampuni yoyote.

Na radi ikianza kunguruma, chomoa plagi ya umeme, chomoa na waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Fanya hivyo mapema, kabla mvua haijafika kwako.