Mgeni wa gorila, saa zake zingine ni za nani?

Mtu anayekuja kuona gorila anakaa nao saa moja. Ndiyo sheria ya mbuga: saa moja tu, kisha gadi anasema inatosha. Kwa ile saa moja, Rwanda inaomba mgeni wa ng'ambo dola 1 500 tangu mwaka 2017, na Uganda dola 800 tangu mwezi wa saba 2024. Kwetu Virunga, mbele vita ifunge njia, ilikuwa dola 400. Mgeni analipa, anapiga picha, anapanda gari, anaenda. Mama anayeuza viazi kando ya barabara pa Alimbongo anabaki na vumbi.

Lakini siku iko na saa 24. Zile 23 zingine, mgeni anakula wapi, anasikia hadithi ya nani, anacheza ngoma gani? Hapo ndipo franga inaweza kuingia ndani ya nyumba za watu. Sisi wa teritware ya Lubero bado hatujaanza kuigombea.

Si kwamba tunakosa kitu cha kuonyesha. Mlima Tshiaberimu, upande wa magharibi wa ziwa Edouard, unapita meta 3 000. Gorila wa kule walikuwa wamebaki wachache sana, hawakufika kumi, na katika mwaka 2024 wakaongezewa wanne wa kike waliolelewa pa Kasugho, katika kituo cha GRACE, kile kinachopokea watoto wa gorila waliopona mikononi mwa wawindaji. Na jina la mlima, kwa Kinande, ni mlima wa mizimu. Mbele Wabelgiji waandike mbuga kwa karatasi mwaka 1925, mababu walikuwa wamekwisha kusema kwamba ule mlima si wa kuchezea. Mzungu anayepanda bila kuelezwa ile maneno ameona nusu ya mlima.

Hata msitu wa Tayna ulianza na wenyeji. Mwaka 1998, bami wa Batangi na Bamate walikubali kuweka fasi ya gorila katika udongo wao wenyewe. Serikali ikaja kuitambua nyuma, mwaka 2006. Kumbe kulinda pori si kitu cha kuletewa na ndege.

Tuvuke sasa mupaka, maana ndugu zetu Wakonzo wa Uganda ni damu moja na sisi, na lugha tunasikilizana. Kilembe, karibu na Kasese, ilikuwa machimbo ya shaba. Kampani ilianza mwaka 1950, reli ikafika Kasese mwaka 1956, wafanyakazi wakajengewa nyumba, hospitali, masomo. Katika mwanzo wa miaka ya 1980 kazi ikasimama. Wewe mchimbaji unajua vile inakuwa: shimo likinyamaza, soko linanyamaza, watoto wanarudishwa nyumbani juu ya minerval. Na maji ya mto Nyamwamba yakaja kuongeza mateso, mwezi wa tano 2013, yakabomoa sehemu ya ule muji.

Leo Kilembe ni mojawapo ya milango ya kupanda Rwenzori, mpaka kilele cha Margherita, meta 5 109. Kupanda ni kazi ya siku nyingi, karibu juma zima, na hakuna mgeni anayebeba mizigo yake yote. Wabebaji na waongozi wanatoka katika vijiji vya chini ya mlima, wengi ni Wakonzo. Mguu uliozoea kupanda na gunia la mawe unazoea pia kupanda na hema la mgeni. Upande wa Nyakalengija, watu wa Ruboni waliweka kambi yao wenyewe: mgeni analala, anakula chakula cha kijiji, anatembezwa kwa wafua chuma na kwa wamama wanaosuka vikapu, jioni anaona ngoma. Yule aliyekuja kwa ajili ya theluji anaacha franga hata kwa msuka vikapu ambaye hajawahi kukanyaga theluji.

Mbali zaidi, Mexico, iko mfano unaofanana na wetu zaidi ya vile mtu angewaza. Katika milima ya Michoacán kuna vipepeo wanaoitwa monarca. Wanatoka Kanada na Marekani, wanaruka zaidi ya kilometa 4 000, na wanafika mwanzoni mwa mwezi wa 11, wakati ule ule watu wanafanya sikukuu ya wafu. Wenyeji walisema tangu zamani: hizi ni roho za wazee wetu, zinarudi kutusalimia. Mgeni anayekuja kuona vipepeo msituni anakuta makaburi yamejaa maua ya manjano, mikate, mishumaa, na familia zimekesha pale. Na fasi zenyewe ni za wachimbaji! Angangueo ilikuwa muji wa feza. Tlalpujahua ilichimba zahabu. Mwaka 1937 lundo la matope ya machimbo ya Dos Estrellas lilibomoka na kufunika sehemu ya muji. Leo yale machimbo ni makumbusho, na watu wa Tlalpujahua wanajulikana kwa mapambo ya kioo ya Noeli. Msitu wa El Rosario, wanapolala vipepeo wengi, uko mikononi mwa wanakijiji, na waongozi wanaopanda na wageni ni wao.

Sasa kwetu tungeonyesha nini? Alimbongo ni inchi ya baridi, viazi vinatoka vizuri kuliko ndizi, kwa hiyo kasikisi tuwaachie watu wa chini kidogo: wapumzishe ndizi mpaka ziive, wazikamue na majani, wachanganye na unga wa mtama uliokaangwa, wangoje ichachuke. Mgeni aingize mikono yake, akamue. Ale obundu na sombe na samaki ya Vitshumbi ao ya Kyavinyonge, na akule kwa mkono. Asikilize endara, ile miti mikubwa inayolazwa juu ya migomba na kupigwa na watu wengi pamoja, na filimbi. Na juu ya viazi: shamba la Alimbongo asubuhi, ukungu ukitoka bondeni, mimi naona linatosha lenyewe.

Iko pia vya kutouza. Olusumba, jando la Wanande, si tamasha la kukatia tikiti. Kilio vilevile. Wazee ndio waseme mupaka uko wapi, si mwenye hoteli.

Tuangalie Wabatwa wa Mgahinga, kule Uganda. Walitolewa msituni mwaka 1991, mbuga ilipoundwa, na miaka 20 nyuma wakaanza kuonyesha wageni, katika msitu uleule, vile babu zao walivyowinda na kuwasha moto. Wamoja wanasema ni kazi nzuri, watoto wanajifunza. Wengine wanauliza sababu gani mtu aigize maisha aliyokatazwa kuishi. Mimi niko na wale wa pili, hata nikijua kwamba ile mshahara inalisha watu.

Kwa sasa, vita. Ilifika mpaka Alimbongo yenyewe mwezi wa 12, 2024, na watu wakakimbia kuelekea Lubero na Butembo. Hakuna mgeni atakayelala fasi ambayo mwenyeji mwenyewe halali. Ila kitu kimoja hakingojei amani: mapatano ya kugawana. Kwa shimo, hakuna anayeteremuka mbele wajue fungu la PDG, fungu la wachimbaji, fungu la mwenye udongo. Tuandike vilevile hapa: mama anayepika, wapiga endara, mwenye nyumba, kijana anayeongoza njia, kila mtu na franga zake, tangu sasa, mgeni wa kwanza hajafika.