HOFU YA KUJONGEA NI ADUI WA MAUNGIO

Katika Wilaya ya Rusizi, ambayo ni sehemu ya mkoa wa zamani wa Cyangugu, mtu hawezi kuishi bila kupanda na kushuka. Kutoka ufukweni mwa Ziwa Kivu kwenda mjini Kamembe ni kupanda. Kutoka Kamembe kwenda kwenye mashamba ya mpunga ya Bugarama ni kuteremka. Kwa sababu hiyo, mtu mwenye magoti mabovu hukumbushwa maumivu yake kila siku. Hatimaye huamua kuketi. Haendi tena shambani, na Jumamosi ya mwisho ya mwezi, wenzake wanapokwenda kwenye umuganda, yeye hubaki barazani. Jamaa zake, kwa mapenzi mema, humnyang'anya jembe na ndoo, wakidhani kwamba wanamlinda.

Yafaa ieleweke kwamba ulinzi wa namna hiyo humdhuru anayelindwa. Ncha za mifupa katika goti zimefunikwa na gegedu, ambayo haina mishipa ya damu. Gegedu hupata lishe yake kutokana na ute wa maungio, na ute huo huenezwa goti linapokunjwa na kunyoshwa. Aidha, misuli ya paja husaidia kubeba uzito wa mwili. Misuli isiyotumika hunywea. Goti lililopumzishwa kwa miezi mingi hubaki na mzigo uleule, lakini limepoteza msaidizi wake. Siku mgonjwa anapojaribu kuinuka, huumia kuliko zamani, naye huamini kwamba hofu yake ilikuwa ya haki. Hivyo ndivyo hofu inavyozaa udhaifu, udhaifu ukazaa maumivu, na maumivu yakazaa hofu kubwa zaidi. Mwaka 1990 wataalamu wa Marekani waliipa hofu hiyo jina la kinisiofobia, yaani hofu ya kujongea.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa na ugonjwa wa uchakavu wa maungio, na goti ndilo lililoathirika zaidi.

Kwa miaka mingi wagonjwa wa viungo walikwenda kuoga katika chemchemi za maji ya moto za Bugarama. Nafuu waliyoipata haikuwa ya kubuni tu, kwa maana joto hulegeza misuli na kutuliza maumivu. Lakini nafuu ya joto hupita. Mwenye busara huitumia saa hiyo ya nafuu kutembea na kunyosha viungo. Anayerudi nyumbani na kulala, maumivu humkuta palepale.

Askari wa jeshi na wa polisi anayo elimu ya kulifahamu jambo hili. Kurutu hapewi mzigo mzito na safari ndefu siku ya kwanza. Huanza na kidogo, kisha huongezewa. Asubuhi ya pili miguu humuuma, wala mkufunzi hamwambii kwamba ameharibika. Kanuni hiyohiyo humfaa mwenye maumivu ya muda mrefu. Aanze na dakika chache za kutembea mahali tambarare, na kuinuka kitini mara kadhaa. Kisha aongeze kidogo kila wiki. Maumivu yakizidi kidogo na kutulia ifikapo kesho yake, aendelee. Yasipotulia, apunguze kipimo, lakini asiache. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri watu wazima, wakiwamo wenye maradhi ya kudumu, wafikie angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nao unasisitiza kwamba kidogo ni bora kuliko kutofanya lolote.

Hata hivyo, ushujaa usichanganywe na ukaidi. Kiungo kilichovimba ghafla na kuwa chekundu chenye moto, maumivu yanayofuatana na homa, goti lililoumia kwa kuanguka, au mguu usioweza kubeba mwili, hayo ni mambo ya kupelekwa kwa mganga bila kuchelewa. Askari anayeficha jeraha la namna hiyo ili asionekane mnyonge hakitumikii kikosi chake.

Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Askari aendapo likizo na kumkuta mzazi wake ameketi barazani mwezi baada ya mwezi, asimsifu kwa kupumzika. Ampeleke kituo cha afya achunguzwe. Kisha ampunguzie shamba badala ya kumnyima jembe, na jioni atembee naye mpaka kwa jirani. Wiki ifuatayo waende nyumba ya pili.