Gari lililosita Kawetele: tuchunguze kabla ya kuhukumu

Tukuyu ni mji wa milima na mvua. Umekaa kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,500 kutoka usawa wa bahari, na barabara iupitiayo, itokayo Uyole kwenda Kasumulu mpakani mwa Malawi, hupanda na kushuka baina ya migomba na mashamba ya chai. Malori ya mizigo huitumia usiku na mchana. Dereva atokaye njia ya mtaani huko Kawetele na kuingia barabara hiyo kuu huhitaji gari limtiilo pale pale anapokanyaga mafuta. Likisita kwa sekunde mbili tu, lori lililokuwa mbali huwa limekwisha kumfikia.

Jambo hilo lilitupata tukiwa ndani ya gari lenyewe. Mwenyeji wetu, mzee mstaafu, alipoingia barabarani na kukanyaga mafuta, injini ilishusha pumzi kana kwamba inazimika, kisha ikashtuka na kuvuta kwa nguvu. Nyuma yetu lori lilipiga honi ndefu. Mzee alirudisha gari nyumbani bila kusema neno.

Gari hilo ni Datsun 240Z, la milango miwili na viti viwili, lenye injini ya silinda sita. Wazee wa Afrika Mashariki hawana haja ya kuelezwa jina hilo. Katika mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, gari la aina hiyo lilishinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, na likashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Mzee wetu alikuwa kijana wakati huo, akisikiliza matokeo redioni. Alilipata gari lake baada ya miaka mingi ya kujinyima, na hulitunza kama mtu atunzavyo kumbukumbu ya ujana wake.

Hata hivyo, yaliyotupeleka Kawetele yalikuwa mazito kuliko gari. Katika nyumba hiyo alilelewa kijana, mtoto wa marehemu kaka yake mzee, ambaye sasa ni fundi chipukizi. Ndiye aliyelisafisha gari hilo kabla halijaanza kusita. Mzee alipoona hali imebadilika, aliamini kwamba kijana ameng'oa vipuri halisi akaviuza na kuweka bandia. Alilitamka neno “mwizi” mbele ya majirani. Kijana aliondoka, na kwa muda wa wiki sita hakuja kula katika nyumba iliyomlea. Mama wa nyumba alitueleza kwamba kila jioni aliendelea kupakua sahani moja ya ziada.

Katika wiki hizo mzee alinunua plagi mpya, akanunua koili, akabadilisha na pampu ya petroli. Fedha zilikwenda, na gari likaendelea kusita vile vile. Ndipo mkewe alipomwomba amwite fundi mmoja mzee wa mjini, na kijana naye aitwe asimame na kushuhudia.

Fundi alifika baada ya swala ya alasiri. Hakugusa spana. Aliketi, akauliza maswali. Je, gari husita likiwa baridi, au hata likiwa limepata moto? Husita kwenye mlima mrefu, au hata tambarare? Hukatakata muda wote, au ni pale tu mguu unapokanyaga mafuta kwa ghafla?

Mzee alijibu kwamba ni pale tu anapokanyaga ghafla, kukiwa na baridi au joto, mlimani au tambarare. Likishavuta, huenda vizuri hadi mwisho wa safari.

Fundi alitufafanulia maana ya majibu hayo. Petroli ikiwa haifiki vya kutosha, kwa sababu ya chujio lililoziba, tangi lenye kutu au pampu dhaifu, gari huanza vizuri kisha huishiwa nguvu katikati ya mlima, pale injini inapodai mafuta mengi kwa muda mrefu. Kasoro ikiwa katika moto wa plagi, injini hukatakata inapobebeshwa mzigo, na siku ya mvua hali huwa mbaya zaidi. Lakini gari linalosita mara moja tu mguu unaposhuka, kisha likapona, humpeleka fundi kwenye mchanganyiko wa hewa na petroli katika ule muda mfupi wa kubadili mwendo.

Baada ya hapo alifungua plagi. Zilikuwa na weusi kidogo kuliko rangi ya kahawia hafifu inayotakiwa. “Huo ni mwinuko wetu,” alisema. Katika urefu wa Tukuyu hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya sita, kwa hiyo kabureta iliyopimwa pwani hutoa petroli nyingi kupita kiasi ikifika milimani. Alionya kwamba fundi mwenye haraka angeuona weusi huo na kupunguza petroli, naye angezidisha kusita. Alikagua mipira ya hewa asisikie mvujo, akatazama pointi za distributa akaziona safi.

Hatimaye alizigeukia kabureta, ambazo katika gari hilo ni mbili. Kila moja ina kichwa kirefu mfano wa kofia, na ndani yake pistoni inayopanda kadiri hewa inavyovutwa. Juu kuna kifuniko cha kufungua kwa mkono chenye kijiti kinachozama katika oili kidogo. Oili hiyo huizuia pistoni isiruke ghafla. Hivyo mafuta yanapokanyagwa, hewa hupita kwa kasi katika nafasi finyu na kuvuta petroli ya kutosha. Oili ikikosekana, pistoni huruka, hewa hutangulia, petroli huchelewa, na injini hukosa pumzi.

Fundi alivuta vijiti vyote viwili. Vilikuwa vikavu. Aliinua pistoni kwa kidole, ikapanda bila kizuizi chochote.

Kijana ndiye aliyesema kwanza. “Baba mdogo, oili hiyo niliimwaga mimi nilipoosha kabureta. Nilisahau kuirudisha. Nisamehe.”

Mzee alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, “Wewe ulisahau oili. Mimi nilikuita mwizi, na vipuri vyangu vyote vimo. Nani amwombe mwenzake radhi?” Akaongeza kwamba kwa kuwa alilitamka neno lile mbele ya majirani, atalifuta mbele yao.

Oili iliyotiwa haikuzidi vijiko vichache. Kijana aliitia mwenyewe, fundi akisimamia, kisha akaendesha gari hadi Kiwira na kurudi, baba yake mdogo akiwa kando yake. Halikusita. Jioni hiyo sahani ya ziada ilipata mwenyewe.

Kwa wasomaji wenye magari ya zamani, tunapendekeza utaratibu wa fundi huyo. Andikeni lini kasoro hutokea kabla ya kwenda gereji. Ulizeni ni kitu gani kiliguswa mara ya mwisho, kwani mara nyingi kasoro huanzia hapo. Anzeni na ukaguzi usiogharimu fedha. Badilisheni kitu kimoja, mkajaribu, ndipo mwende kwa kingine. Mkibadilisha vitatu kwa pamoja, hata gari likipona hamtajua dawa ilikuwa ipi. Na gari linalosita lisiingizwe barabara kuu na familia ndani yake hadi sababu ijulikane.

Ama kwa vijana tunaowakabidhi kazi zetu, tuwaulize walichofanya kabla ya kuwaita kwa majina. Huyu wa Kawetele alikuwa tayari kusema kweli tangu siku ya kwanza, lakini hakuna aliyemuuliza.